Tundu kwenye Kidole cha Shahada

Niligundua wakati wa kuvua. Operesheni imekwisha, mguu wa kijana umeshafungwa bendeji, mtaalamu wa usingizi anamwita jina lake aamke, nami nimesimama kando ya ndoo ya taka nachojoa glovu ya mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kikatoka chekundu. Kilikuwa chekundu chote, tangu ncha hadi kiungo cha pili, na kwenye pembe za ukucha damu ilikuwa imeanza kukauka. Damu iliyokauka ndani ya glovu haina maelezo mengi. Iliingia zamani.

Nikakipeleka bombani, nikakiosha kwa sabuni na maji mengi bila kukikamua, kama tulivyofundishwa. Damu ilipoondoka nikaona ngozi nayo ina alama, kijitundu kidogo mithili ya cha sindano ya cherehani. Tulikuwa tumesimama mezani karibu saa tatu. Katika muda wote huo sikuhisi hata mchomo.

Ilikuwa Jumamosi usiku, mwaka 2011, wakati bodaboda zimeshajaa kila kona na wodi za mifupa zimejaa pamoja nazo. Hospitali sitaitaja. Niliofanya nao kazi usiku ule wengine wangali pale, na hakuna aliyenikosea. Mfupa wa paja wa kijana yule ulikuwa umevunjika katikati. Mfupa wa mzee aliyeteleza bafuni mara nyingi hukatika kama muhogo mkavu. Wa kijana aliyegongana na gari akiwa mwendoni hupasuka kama mwanzi: unakutana na ncha ndefu nyembamba, na kandokando yake vibanzi vilivyolegea, vingine vimejificha ndani ya nyama vikisubiri mkono wa mtu.

Majibu ya vipimo vya kijana yule ni siri yake hadi leo. Itoshe kusema nilianzishiwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU usiku uleule. Dawa hizo huanzwa mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72, kisha mtu anazimeza siku 28 bila kuruka. Mganga aliyenihudumia alinitajia hesabu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi: anayechomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ana uwezekano wa kuambukizwa wa takriban 0.3%, yaani watu 3 kati ya 1,000. Homa ya ini aina ya C, kwa hesabu za wakati ule, ilikuwa kama 1.8%. Aina ya B ndiyo mbaya kuliko zote, kati ya 6% na 30% kwa asiyechanjwa, na namshukuru Mungu nilikuwa nimemaliza dozi zangu tatu za chanjo.

Watatu kati ya elfu moja ni wachache ukiwasoma kitabuni. Ukiwa umelala macho saa nane za usiku, unawaona wote watatu wamekaa kitandani pako.

Mume wangu ni seremala. Nilimweleza kulipokucha, maana dawa zenyewe zilikuwa zinanitapisha na asingekosa kuuliza. Akanyamaza, akakigeuzageuza kile kidole changu kama anayekagua ubao, halafu akaniuliza: "Na nyie mnavaa ngapi?"

"Moja."

"Mimi nikibeba mabati tu navaa glovu za ngozi. Nyie mnapasua mfupa na kimpira kimoja?"

Sikuwa na jibu. Tulivaa moja kwa sababu niliwakuta wanavaa moja.

Miaka ya nyuma nilikuwa nimemhadithia vyombo tunavyotumia, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Keekee, msumeno, nyundo, patasi, koleo, tupa, skrubu. "Basi nyie mafundi wenzangu," alisema. Ni kweli. Thieta ya mifupa ukifumba macho unasikia karakana. Tofauti yetu ni mbili. Mbao ya seremala haitoi damu, na fundi wa mifupa ana kati ya mkono wake na mfupa kipande cha mpira chenye unene wa takriban robo ya milimita.

Hapo ndipo mifupa inapoachana na operesheni nyingine. Daktari anayepasua tumbo hushika vitu laini, na adui wake mkubwa ni sindano ya kushonea. Wa mifupa ana sindano hiyohiyo, na juu yake ana orodha ndefu. Kuna waya wa Kirschner, chuma chembamba chenye ncha kali kilichopewa jina la Mjerumani aliyekibuni mwaka 1909. Unapozungushwa na drili, watu wote hutazama ncha ya mbele, kumbe mkia wa nyuma nao unachoma. Kuna waya wa kufungia vibanzi, unaosokotwa kwa koleo na kukatwa, na pale ulipokatwa hubaki jino. Kuna drili inayotaka kusokota chochote kilicho karibu nayo, glovu iliyolegea vidoleni ikiwa ya kwanza. Kuna skrubu zenye meno. Na kuna mfupa wenyewe, ambao hakuna mtu anayeukumbuka anapotaja vitu vyenye ncha.

Usiku ule nadhani ulikuwa mfupa. Tulikuwa tunaingiza chuma cha SIGN. Wasomaji wengi mtakuwa mmemwona ndugu au jirani mwenye chuma hicho, hata kama hamkijui kwa jina: ni nondo nzima inayopitishwa ndani ya uboho wa mfupa na kufungwa kwa skrubu juu na chini. Shirika linalokitengeneza liko Richland, jimbo la Washington nchini Marekani. Lilianzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya thieta, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo chuma hiki kimefanya kazi kubwa. Njia ya nondo huchimbwa kwa mkono, si kwa mashine, kwa vyuma vyenye mpini kama wa bisibisi kubwa. Ni kazi ya nguvu. Na kabla ya hapo lazima ncha mbili za mfupa uliopasuka ziletwe zikutane, na mara nyingi chombo bora cha kujua kama zimekutana ni kidole. Daktari huingiza kidole cha shahada akapapasa, na msaidizi anayeshikilia mguu huteleza, anashika tena. Mimi nilishikilia mguu mara mbili usiku ule, kwa sababu msaidizi wetu alikuwa mmoja.

Kwa nini kidole cha shahada, na kwa nini cha kushoto? Fikiria unavyokata kitunguu. Mkono wa kulia una kisu, wa kushoto ndio unaoshika kitunguu, nao ndio unaokatwa. Thieta ni vilevile. Mkono wa kulia umeshika drili au sindano, wa kushoto unashika, unasukuma, unaongoza, unakinga kwa upande wa pili. Tafiti nyingi zilizohesabu matundu ya glovu zimekuta kidole hicho ndicho kinachoongoza, kidole gumba kikikifuata.

Niliporudi kazini nikaanza utundu wangu. Baada ya operesheni nilikuwa nazikusanya glovu za waliokuwa mezani, napeleka chumba cha kusafishia vyombo nikiwa nimevaa kinga zangu, najaza maji, nakunja mdomo, natundika. Njia hii sikuibuni mimi. Viwandani hutumika kupima: glovu inatiwa lita 1 ya maji, inaning'inizwa, inatazamwa kwa dakika 2. Ikitoa hata tone, haifai. Hata hivyo kiwanda hakipimi kila glovu, hupima chache kutoka kila fungu, na kwa kiwango cha Marekani kasoro zinazovumiliwa kwa glovu za upasuaji ni 1.5 kwa kila 100. Zile nyepesi za kupimia wagonjwa zinavumiliwa hadi 2.5. Maana yake zipo glovu zinazofika mezani zikiwa na tundu la kuzaliwa nalo.

Siku ya kwanza nilitundika jozi tatu. Ya daktari ilitoa uzi mwembamba wa maji kwenye kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Nikamwita aje aone. Alisimama pale na kikombe chake cha chai, akatazama uzi ule wa maji ukidondoka sinki. "Sista," aliniambia, "sikuhisi kitu."

Hilo ndilo neno nililolisikia mara nyingi kuliko yote katika kazi hii. Mpira wa glovu ni mwembamba na unavutika, mkono ndani una jasho, akili iko kwenye mfupa. Tundu dogo halipigi kelele. Greifswald, Ujerumani, walipima jozi 898 za glovu zilizotumika mezani, wakatoa matokeo mwaka 2009. Zilizovaliwa dakika 90 au pungufu, 15.4% zilikuwa na tundu. Zilizovaliwa zaidi ya dakika 150, 23.7%. Operesheni yetu ya paja ilipita dakika 150, na hakuna aliyebadilisha hata jozi moja.

Nimesema sana habari za mkono wangu. Mgonjwa je?

Tundu ni mlango, na mlango hupitisha pande zote mbili. Tukinawa kabla ya operesheni tunapunguza vijidudu vya ngozini, hatuvimalizi. Mkono ukishafungiwa ndani ya mpira kwa saa moja au mbili, katika joto na jasho, vijidudu huanza kuzaana upya. Waliowahi kuvua glovu baada ya operesheni ndefu wanaijua ile hali: vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo za harusi nzima. Jasho lile likipata tundu, linaingia kidondani. Na kidonda chenye chuma ni kidonda cha namna yake. Vijidudu vikifika kwenye chuma hujijengea utando wa ute, vikajifunika, na dawa za kuua bakteria zinapita juu yake kama mvua juu ya bati. Mgonjwa anarudi baada ya miezi na usaha, anapasuliwa tena, pengine chuma kitolewe na mfupa bado haujaunga. Nimewaona vijana waliolala wodini mwaka mzima kwa namna hiyo. Siwezi kusema ni glovu iliyowafikisha pale. Wengi waliletwa na vidonda vilivyojaa mchanga wa barabarani.

Wataalamu wenyewe wamebishana. Basel, Uswisi, walifuatilia operesheni 4,147. Pale ambapo mgonjwa hakupewa dawa ya bakteria ya kinga kabla ya kupasuliwa, glovu iliyotoboka iliambatana na hatari ya kidonda kuoza ya takriban mara nne. Pale alipopewa, tofauti ile haikuonekana. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, halikuweka agizo lolote la kuvaa jozi mbili, kwa kuona ushahidi hautoshi. Kisha mwaka 2022 likachapishwa jaribio kubwa lililofanywa katika nchi saba, jirani zetu Rwanda wakiwamo, kwa wagonjwa 13,301 wa tumbo. Timu zilizobadilisha glovu na vyombo kabla ya kushona ukuta wa tumbo zilipata vidonda vilivyooza 16.0%, zilizoendelea na mazoea, 18.9%. Tumbo si mfupa, najua. Lakini mimi ni nesi, na nesi hangoji watu wakubaliane kuhusu mlango uliovunjika ndipo aufunge.

Jambo moja halina ubishi. Jozi mbili humlinda aliyezivaa. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kuvaa mbili hupunguza matundu ya glovu ya ndani kwa 71% ukilinganisha na kuvaa moja. Sindano ikipita tabaka mbili, mpira wenyewe unaipangusa damu njiani.

Daktari mmoja kijana aliyekuwa akisomea ubingwa ndiye aliyeniletea karatasi za kwanza za tafiti hizi, baada ya kuona maji yangu yaliyotundikwa. Alikuwa akiniita Mama. Ndiye pia aliyetuonyesha ujanja wa rangi: ndani unavaa glovu ya kijani iliyoiva, saizi kubwa kwa nusu, nje unavaa ya kawaida. Ya nje ikitoboka, maji maji yanapenya katikati ya tabaka mbili na pale palipotoboka panatokea doa jeusi. Unaliona ukiwa hatua mbili. Mara ya kwanza nilipoliona doa lile kwenye mkono wa daktari mkuu nilifurahi kama niliyekamata mwizi.

Wakongwe hawakuzipenda mbili. Walilalamika kwamba vidole vinakufa ganzi, skrubu hawaisikii inapokaza. Siwalaumu, siku chache za mwanzo hata mimi niliangusha sindano. Mkono huzoea. Daktari mmoja, Mungu amrehemu, hakuzoea hadi anastaafu, naye alikuwa na mikono mizuri kuliko wote niliowahi kuwakabidhi kisu.

Wengi hawajui kwamba glovu za thieta zilianza kwa sababu ya mikono ya nesi. Baltimore, Marekani, mwishoni mwa mwaka 1889 na mwanzoni mwa 1890, Caroline Hampton alikuwa nesi wa thieta katika hospitali ya Johns Hopkins. Dawa ya zebaki waliyokuwa wakinawia ilimbabua mikono mpaka akataka kuacha kazi ile. Mkuu wake wa upasuaji, William Halsted, akaiagiza kampuni ya mpira ya Goodyear itengeneze glovu nyembamba za saizi yake. Mwaka 1890 haujaisha akamwoa. Miaka kadhaa baadaye msaidizi wa Halsted, Joseph Bloodgood, akazifanya kuwa vazi la kila operesheni, na ndipo wakaona vidonda vya ngiri vinaoza kwa uchache mno kuliko zamani. Faida ya mgonjwa ilikuja ikifuata nyuma ya mapenzi.

Mimi nilianza kazi mwaka 1991, na glovu nilizozikuta hazikuwa za kutupa. Wasomaji vijana watashangaa. Tulikuwa tunaziloweka kwenye maji ya Jik, tunazifua kwa sabuni nje na ndani, tunazianika kwenye kamba uani kama soksi za shule. Zikikauka unazijaza hewa, unazikunja mdomo, unazizamisha majini na kutazama mapovu, au unaziweka karibu na shavu usikie pumzi. Yenye tundu inatengwa kwa ajili ya usafi. Nzima inapakwa poda, inafungwa, inapelekwa kwenye mashine ya mvuke, kisha inapumzishwa siku moja au mbili mpira urudishe uvutikaji wake. Kanuni ilikuwa isizidi mara tatu. Kanuni ilikuwa hivyo. Shavu langu la kulia limepima glovu nyingi kuliko mashine yoyote, na naweza kukuambia kwamba shavu linadanganya. Tundu la ncha ya waya halitoi pumzi ya kusikika.

Desturi ile iliisha, lakini ubahili wake ulibaki vichwani mwetu. Mtu aliyewahi kufua glovu anaona dhambi kutupa nzima. Ndiyo maana kubadilisha katikati ya operesheni kulikuwa kugumu kuliko kuvaa mbili. Na mwaka 2020, korona ilipoingia na glovu zikaadimika dunia nzima, maboksi yalirudi kufungiwa kabatini kwa sista mkuu na sote tukarudi kuhesabu.

Hatimaye meza yetu ilikubaliana nyakati za kubadilisha glovu ya nje, bila kungoja doa. Baada ya kumfunika mgonjwa kwa mashuka, kwa kuwa mashuka yale yanagusa mengi. Kabla ya kukishika chuma kitakachobaki mwilini. Kila inapokaribia saa moja na nusu. Na kwenye nyonga za bandia, baada ya saruji. Saruji ya mfupa ni unga na kimiminika vinavyochanganywa palepale mezani, ina harufu inayopanda puani kama gundi kali, na kimiminika chake hupenya mpira wa glovu bila kuhitaji tundu. Anayeikanda kwa glovu moja anaikanda kwa ngozi.

Mengine yalikuwa madogo. Vyombo vyenye ncha tuliacha kupeana mkono kwa mkono; naviweka kwenye sinia, daktari anavichukua mwenyewe. Nyaya zikikatwa, ncha inapindwa mara moja. Kwa kushona nyama ya ndani zipo sindano butu, ambazo katika tafiti zilipunguza matundu ya glovu kwa takriban nusu, ingawa sisi tulizipata kwa msimu kama embe. Na kwenye vibanzi tulijifunza kutanguliza chuma, kidole kifuate.

Lililotuchukua miaka mingi zaidi ni ulimi. Nesi kumwambia daktari bingwa, mbele ya wanafunzi wake, kwamba glovu yake imetoboka.

"Dokta, kidole."

"Kipi?"

"Cha shahada, kushoto."

Wapo waliosema ahsante, wakanyoosha mikono kando, nikawavalisha nyingine kwa sekunde chache kazi ikaendelea. Wapo waliosema, "Sista, tumebakiza skrubu moja." Skrubu moja inaweza kuwa dakika ishirini. Yupo mmoja aliyenikaripia kwamba namchelewesha, nami nikasimama na jozi mpya nimeifungua mikononi, simpi chombo. Kimya kilichofuata thieta nzima nakikumbuka. Mashine ya usingizi tu ndiyo iliyosikika. Akabadilisha. Wiki iliyofuata alikuja na doa lake mwenyewe, akaniita nilione kabla sijaliona.

Vipimo vyangu vya mwisho baada ya ajali ile vilikuwa salama. Nilivingoja miezi, na miezi hiyo mimi na mume wangu tuliishi kama wageni waliokutana safarini, kwa adabu na tahadhari. Kijana wa Jumamosi ile nilimwona kliniki akitembelea gongo moja, halafu bila gongo. Hakujua kitu, na hakupaswa kujua. Nilistaafu mwaka 2023.

Nimebaki na ombi moja kwako msomaji, kwa sababu huenda siku moja utashikishwa karatasi mlangoni mwa wodi na kuambiwa uende dukani ukanunue vifaa vya operesheni ya ndugu yako. Kwenye karatasi hiyo glovu zitakuwapo. Usinunue boksi la glovu mia. Hizo ni za kupimia, hazijatakaswa, na mezani hazifai. Za upasuaji hufungwa jozi moja moja kwenye karatasi yake, zimeandikwa kushoto na kulia, na zina saizi kwa namba: 6½, 7, 7½, 8. Muulize nesi anataka namba zipi, akuandikie. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti iwe kavu na isiwe imechanika popote. Na ukiona jozi ni nyingi kuliko ulivyotarajia, usidhani unaibiwa. Daktari, msaidizi na nesi wakivaa mbili mbili, hizo ni jozi sita kabla kisu hakijagusa ngozi, na bado za kubadilisha. Wakikuandikia kumi, nunua kumi.